Kwa Babu Kamba, Aliyeondoka Bila Kusema Nani Alikata

Ni mwaka mzima leo, Babu, tangu uliposema "Mkasi usiazimwe," ukageukia ukutani, ukatuacha tukitazamana.

Ulikuwa na miaka themanini na tisa. Ulilala siku tatu ukiwa na akili zako zote na sauti yako yote, na sisi tumekuzunguka: Bibi kichwani, Baba Mkubwa na mkewe miguuni, Shangazi na uji wake, mimi mlangoni. Katika siku hizo tatu ulisema bati la jikoni linavuja. Ulisema pasi ya mkaa irudishwe kwa kinyozi, ni yake. Ulimwambia Shangazi uji una mabonge. Mwisho ukasema hilo la mkasi. Usiazimwe, basi. Hukusema ni wa nani.

Nilikuwa nasubiri, Babu. Na ulijua kwamba nasubiri.

Baba Mkubwa ndiye aliyenipa kazi ya kuandika karatasi hii ya kumbukumbu, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka na wake ni kama kuku amekanyaga wino. Alisema, "Andika mazuri ya mzee. Mwishoni uandike kwamba mwanawe mkubwa ndiye aliyeshika mkasi tangu macho ya mzee yalipofifia, mpaka leo." Naanza na mazuri, kwa sababu yapo, na kwa sababu nikianza na yale mengine sitayafikia.

Ulikuwa mpole kwa watu waliopinda. Mwenye bega moja chini, mwenye mguu mfupi, mwenye kibiongo, mwenye tumbo lililomtangulia nyumbani, wote waliingia dukani kwako wakijificha na wakatoka wamenyooka. Hukumcheka mtu mwili wake. Tulipocheka sisi, ulitutazama juu ya miwani mpaka kicheko kikatutoka masikioni.

Hukutaka futi ya kupimia. Ulipima kwa kamba nyembamba ya pamba, na kila mteja alikuwa na yake. Kutoka fundo hadi fundo ni kipimo kimoja: bega, kifua, kiuno, mkono, mguu. Hukuandika jina. Ulifunga kwenye ncha kipande cha kitambaa cha nguo yake ya kwanza, ukaitundika msumarini. Ukuta mzima ulikuwa kamba. Watoto wa mtaani walisema unafuga mikia, na hapo ndipo jina la Babu Kamba lilipotoka.

Hukumpima mtu akiingia tu. "Mtu akipimwa hujinyoosha," uliniambia. "Anakupimisha yule anayetaka kuwa. Wewe msubiri yule aliyekuja naye." Basi ulimkalisha mtu, ukamuuliza habari za safari, za magoti, za wakwe. Alipojisahau, tumbo likarudi mahali pake, bega likashuka, ndipo ulipoinuka na kamba. Mwalimu Mkuu ulimsubiri saa nzima. Alikaa wima kama mlingoti mpaka mazungumzo yalipofika kwa mama mkwe wake. Hapo mgongo ukapinda wenyewe.

Mabaki ya kitambaa ulimrudishia mwenyewe, hata kama ni kipande kidogo kama ulimi wa paka. Kila asubuhi ulimpelekea Bibi chai kitandani ukamwambia imeshapoa, kumbe bado inachoma, ili aamke. Uliimba vibaya. Hukuwahi kukalia kitambaa cha mtu.

Mimi nilikuja kwako wiki niliyomaliza shule ya msingi. Baba yangu, mwanao mdogo, alikuwa ameshafariki, na shule ya kuendelea haikuwepo. Ukaniita Panzi kwa namna nilivyokuwa nikiruka kuokota pini. Hukuniambia pole, hukuniambia karibu. Ulinisogezea kigoda chako, ukakaa wewe kwenye ndoo. Siku ile nilikupenda, Babu, na sijawahi kupona vizuri.

Hayo ndiyo mazuri.

Miaka mitatu niliokota pini na kukaza vifungo. Kisha ukungu ukakuingia machoni. Hukumwambia mtu. Siku moja ulikata suruali ya kinyozi ukapita kando ya chaki, upana wa vidole viwili, ukasimama na mkasi juu kama mtu aliyesahau salamu. Ukaniita chumba cha ndani, ukavuta pazia. "Panzi, shika."

Nilikata mguu wa suruali. Wewe hukutazama, ungetazama nini. Ulisikiliza. Nilipomaliza ukasema, "Umesita kwenye goti. Rudia kwenye gazeti mara kumi, kisha tukate cha mtu."

Tangu siku hiyo, kwa miaka sita, kila nguo iliyotoka dukani kwako nilikata mimi. Wewe ulimpima mtu mbele, kwa vidole, mafundo hayahitaji macho. Ukaingia na kamba nyuma ya pazia, ukakaa, ukakohoa kidogo ili wasikie upo, na mimi nikakata. Nje Baba Mkubwa alishona kwenye cherehani. Hakuna anayemshinda kwa mshono, naandika hilo bila kulazimishwa. Lakini hakukata. Na alijua nani anakata, kwa sababu pazia lile ni jepesi na mchana dirisha la ndani lina jua.

Nilikuuliza mara moja kwa nini tujifiche. Ulisema, "Wateja wakijua ni binti watakimbia, wakijua mzee haoni watakimbia kwa kasi zaidi. Subiri. Siku yangu ikikaribia nitasema mbele ya wote." Nikakuamini. Mimi ni mtu wa kusubiri, ulinifundisha mwenyewe. Watu wengine wote niliwasubiri wakajisahau, wakaonyesha walivyo. Wewe hukujisahau hata ukifa.

Siku ya mazishi Shangazi, katika kulia kwake, akasema kwa sauti kwamba daktari alimwambia mzee hakuwa anaona kitu kwa miaka. Kinyozi akageuka. "Kwa hiyo suti yangu ya harusi ya binti yangu alikata nani?" Watu wakatazamana. Baba Mkubwa akasafisha koo, akasema, "Kazi ya familia hiyo." Wiki iliyofuata walipomuuliza tena akasema, "Nani mwingine? Mimi." Mwezi ukaisha, naye mwenyewe akaanza kuamini.

Mkasi akauchukua. Hakuazima, akaushika moja kwa moja. Mimi nikarudishwa kwenye vifungo.

Sasa sikiliza kilichotokea kwenye kamba zako.

Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa, aliamua kusafisha duka kwa heshima yako. Akapangusa cherehani, akasugua sakafu, kisha akanusa ukuta. "Hizi zina jasho la watu wa miaka arobaini," akasema. Akazishusha kamba zote, mia mbili na zaidi, akazitia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga. Akazisugua kama kola za wanafunzi. Akazianika juani, akazirudisha kila moja kwenye msumari, nyeupe, zinanukia. Alifanya kwa upendo. Sijawahi kumwona akifanya kazi kwa upendo namna ile.

Kamba za pamba, Babu, ambazo hazijagusa maji tangu zisokotwe.

Nilikuwa mlangoni na kopo la vifungo. Niliona beseni, niliona mvuke. Jioni nilipita ukutani nikashika kamba ya Mwalimu Mkuu, ambayo mkono wangu unaijua kama unavyojua kitasa cha mlango. Ilikuwa imerudi, imefupika upana wa kidole kwa kila fundo. Nikaiachia. Nikarudi kwenye vifungo.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Mkuu mwenyewe, na koti.

"Mwalimu, umenenepa," Baba Mkubwa akamwambia, huku anavuta vifungo vikutane. "Kustaafu kunalisha."

"Nimetoka kulazwa wiki tatu," Mwalimu Mkuu akasema. "Mke wangu ananiita ufagio. Nimenenepa wapi?"

"Kifuani."

"Kifua gani, bwana? Hiki?" Akajipiga mbavu.

Baba Mkubwa akaenda msumarini, akachukua kamba, akaipima kwa futi, na Mwalimu kasimama pale pale mikono juu. "Kamba haidanganyi," akasema. "Kamba ya mzee hii."

"Basi ivishe kamba hilo koti," Mwalimu akasema, akaondoka na shati tu.

Kinyozi alipewa suruali akaitazama, akaiweka mbele ya mapaja yake, akasema, "Kazi nzuri. Ukinitafutia na mtu wa kuivaa tutakuwa tumemaliza." Muuza mkaa akapasua shati mgongoni akiinama kufunga kiatu. Mkunga alivaa gauni likampanda, likakataa kushuka, tukalifumua akiwa ndani. Nguo kumi na moja kwa miezi mitano. Na kila mara Baba Mkubwa alikwenda msumarini akapima kamba. Hakuna siku alipompima mtu. Alisema mji mzima umenenepa, akasema ni mafuta ya siku hizi ya kupikia, akamshauri mkunga atembee.

Na mimi nilikaza vifungo, nikatazama. Ningeweza kusema siku ya kwanza. Sikutaka. Nilitaka aanguke watu wakiona, na nilitaka wewe uone kutoka huko uliko. Naandika hivi kwa sababu karatasi hii itasomwa na hao kumi na mmoja pia. Mkasi haukuwa mkononi mwangu, lakini nguo zenu ziliharibika nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka hapo, ninajua sababu, na nimefunga mdomo.

Jumapili iliyopita tulikaa sebuleni nisome nilichoandika. Bibi alikuwa na sinia la mchele mapajani, anachambua. Nilisoma mazuri yako. Shangazi akalia. Yeye hulia hata tangazo la sabuni likipita, lakini safari hii alilia kweli.

"Endelea," Baba Mkubwa akasema.

"Nimeishia hapo."

"Bado la mkasi."

"Hilo siandiki, Baba Mkubwa."

"Huandiki?"

"Hukukata wewe."

"Alikata nani, paka?"

"Mimi."

Mama Mkubwa akacheka. "We Panzi! Wewe ulikuwa unamshikia mzee kitambaa."

"Nilikuwa nakishika kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa na mkasi."

Baba Mkubwa hakucheka. Alikaa mbele kwenye kiti, akanyoosha kidole, si kwa ukali, kama mtu anayehesabu. "Nani alimsikia mzee akisema hivyo? Tulikaa naye siku tatu. Alitaja bati. Alitaja pasi ya kinyozi. Alitaja mabonge ya uji. Kama ni wewe uliyekuwa unamkatia miaka sita, angekosaje kukutaja? Alikupenda kuliko sisi sote. Sasa niambie, angekosaje?"

Nataka ujue hili, Babu. Nilisimama na karatasi yangu mbele ya watu wanne na jibu nililokuwa nalo lilikuwa limelala miezi kumi na miwili chini ya udongo. Nikakuchukia. Hapo sebuleni, chini ya picha yako, nikakuchukia kwa jina na kwa sura.

Ni Bibi aliyesema. Hakuinua kichwa kwenye sinia.

"Kila gauni alilonishonea huyu mzee lilinikaba kwapa hili la kushoto. Miaka hamsini na saba. Nilimwambia mwaka wa kwanza wa ndoa, akanuna wiki nzima, sikurudia tena. Nikajizoeza kutoinua mkono huu." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Kisha akaniletea lile la maua ya zambarau. Nikainua mkono kuanika nguo, mkono ukaenda. Nikasimama pale uani na shuka mbichi. Nikasema, hili hakukata mume wangu."

"Labda alijirekebisha, Mama," Shangazi akasema.

"Mzee yule?"

Hata Baba Mkubwa uso ulimcheza. Lakini akajikaza. "Basi ndipo nilipoanza kukata mimi."

"Wewe umenikatia moja mwezi wa tatu," Bibi akasema. "Limenikaba makwapa yote mawili. Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako."

Hapo ningefurahi. Nilisubiri furaha, haikuja. Nikamgeukia Bibi. "Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka yote ile? Na mwaka huu mzima nikikaza vifungo?"

"Ulitaka nimtangaze mume wangu kwamba kapofuka na anajificha nyuma ya mjukuu?"

"Amekufa, Bibi. Tangu mwaka jana."

"Na wewe," akasema, sasa akanitazama, "wewe una mdomo. Mbona hukusema? Ulikuwa umejaa pini?"

Basi nikasema yote. Nikasema na la beseni.

Mama Mkubwa akasimama. "Uliniona nazifua?"

"Nilikuona."

"Ukaniacha?"

"Nilikuacha."

"Miezi mitano nimewatukana watu moyoni kwa unene ambao hawakuwa nao," akasema. "Mkunga nilimwambia usoni. Na wewe unanipitia na vifungo vyako, shikamoo Mama Mkubwa, shikamoo Mama Mkubwa." Akatoka nje. Hajanisemesha mpaka leo, na sijui nianzie wapi. Yeye hakunikosea kitu.

Baba Mkubwa hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Andika unachotaka. Lakini karatasi ikitoka na hilo ndani, Jumatatu usikanyage dukani. Fundi wa pale ni mmoja."

"Ataandika," Bibi akasema.

Kuhusu Jumatatu hakusema kitu. Nilimtazama nikisubiri aseme. Akarudi kwenye mchele wake.

Kwa hiyo naandika, Babu, na nakuandikia wewe kwanza. Ulikuwa fundi. Ulikuwa mkarimu kwa mkono na bahili kwa neno. Uliona aibu, na aibu yako ukanipa mimi niibebe nyuma ya pazia, ukaiita siri ya kazi. Ulipokuwa na siku tatu za kusema, nilikuwa pale mlangoni. Nisingekuandama hivi kama ungekuwa umesahau. Lakini uligeuza uso upande niliokuwepo, ukasikiliza kama ulivyokuwa ukinisikiliza nikikata, ukajua ni mimi, ukachagua bati. Nimekutafutia sababu mwaka mzima. Labda uliogopa wangekucheka. Labda ulidhani nitajisemea. Labda ulitaka kufa ukiwa bado Babu Kamba, siku tatu tu, halafu yatakayokuja yaje. Nimezikata zote na kuzishona, hakuna inayonikaa.

Wanaokukumbuka ni hawa.

Mkeo, Bibi, uliyeishi naye miaka sitini na mitatu, ambaye sasa anaamka mwenyewe na chai yake anaikuta imepoa kweli.

Mwanao mkubwa, aliyetaka awekwe kwenye karatasi hii na mkasi mkononi. Nimemweka bila mkasi, kwa kuwa ni mwanao na ni mshonaji bora, na hayo si mimi niliyempa.

Mkewe, aliyefua kamba zako kwa nia njema.

Binti yako, Shangazi, ambaye mpaka leo anakoroga uji hadi mabonge yaishe, akiwa peke yake.

Marehemu mwanao mdogo, baba yangu, ambaye nadhani yuko nawe. Muulize anaonaje.

Na mjukuu wako, Panzi, aliyekata kila nguo iliyotoka dukani kwako miaka sita ya mwisho ya maisha yako.

Nimeandika, Baba Mkubwa. Jumatatu sitakuja.

Hatutakusahau, Babu, siku zote tulizobakiza. Mimi nimejaribu, nimeshindwa.